Mgao wa Macho na Masikio: Nani Anaonekana, Nani Anasikika

Kila tukigusa muziki au uchoraji kwenye kipindi, hakosekani msikilizaji wa kutuandikia: sanaa iacheni iwe sanaa, siasa waachieni wanasiasa. Na kila tukigusa siasa, hakosekani wa upande wa pili: mbona wasanii wetu wamenyamaza, kwa nini hawaimbi kuhusu haki? Ukiwasikia utadhani ni mahasimu. Lakini wote wawili wanakubaliana kwenye jambo moja, kwamba siasa ndani ya sanaa ni kama sukari kwenye chai. Ukitaka unatia, usipotaka unaacha, na chai inabaki chai.

Leo tunataka kubishana nao wote wawili kwa pamoja. Kuna wanafalsafa wa zama zetu waliolifikiria jambo hili kwa undani, na wanachosema kinatuhusu sisi watoto wa diaspora kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo vuta kiti, hii ni ndefu kidogo.

Neno moja: mgao

Jacques Rancière ni mwanafalsafa wa Kifaransa aliyezaliwa Algiers mwaka 1940, enzi Algeria bado iko chini ya Ufaransa. Mwaka 2000 alichapisha kitabu chembamba kiitwacho Le Partage du sensible. Watafsiri wengi wamehangaika na jina hilo, maana neno "partage" lina sura mbili: kugawana kitu pamoja, na kukigawanya vipande. Kushirikishwa na kutengwa, ndani ya neno moja.

Sisi tuna bahati. Kiswahili kina neno linalobeba sura zote mbili, na kila aliyewahi kwenda likizo Dar es Salaam au kuongea na bibi kwenye simu inayokatika analijua: mgao. Mgao ni fungu lako katika kitu cha wote. Lakini mgao pia ni ule wa umeme: mtaa huu una taa, mtaa ule uko gizani, na kuna mtu mahali fulani, humjui, ndiye aliyepanga ratiba.

Sasa litoe neno hilo kwenye umeme, uliweke kwenye macho na masikio. Rancière anasema kila jamii ina mgao wa namna hiyo. Ipo ratiba, haijabandikwa ukutani, inayoamua nini kinaonekana na nini hakionekani. Nani akifungua mdomo tunasikia hoja, na nani akifungua mdomo tunasikia kelele. Nani ana muda wa kufikiri, na nani wa kufanya kazi tu. Utaratibu huo anauita "polisi", na hamaanishi askari mwenye rungu peke yake. Anamaanisha mpangilio wote unaomwambia kila mtu, kaa hapo, hapo ndipo pako. Siasa, kwake, inaanza pale mtu asiyehesabiwa anapofanya jambo ambalo ratiba haikumpangia, na wengine wakalazimika kumwona.

Walimu wetu wa fasihi huita taaluma ya uzuri "ujumi". Kwa lugha za Ulaya taaluma hiyo ilipewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuhisi, yaani kuona, kusikia, kugusa. Basi unaona jambo linakoelekea. Kama siasa ni ugomvi wa nani aonekane na nani asikike, sanaa haihitaji kuongezewa siasa kwa kijiko. Hizi mbili zilikuwa nyumba moja tangu mwanzo.

Fundi aliyesimama dirishani

Rancière hakuyatoa haya hewani. Alipokuwa kijana alikuwa mwanafunzi wa Louis Althusser, mwalimu mkubwa wa fikra za Marx mjini Paris. Baada ya maandamano ya mwaka 1968 akaachana naye. Akaenda kwenye nyaraka za zamani kutafuta wafanyakazi wa Ufaransa wa miaka ya 1830 na 1840 walisema nini kwa midomo yao wenyewe. Angeweza kutarajia njaa, mishahara, hasira. Alichokikuta zaidi ni washona nguo, maseremala na mafundi viatu wanaoandika mashairi na kubishana falsafa, usiku, kwa saa ambazo walitakiwa kulala ili kesho wafanye kazi vizuri. Kitabu kilichotoka humo, mwaka 1981, kinaitwa La Nuit des prolétaires, yaani usiku wa makabwela.

Mmoja wao ni Gauny, fundi wa kutandika sakafu za mbao. Gauny anaeleza siku ya kazi ndani ya nyumba ya tajiri. Anatandika, anapima, anagonga. Halafu anasimamisha mikono, anatazama nje ya dirisha, na kwa dakika chache mandhari yale ni yake kuliko yalivyo ya mwenye nyumba.

Utauliza, je, mshahara uliongezeka? Haukuongezeka. Nyumba ilibaki ya tajiri. Lakini kumbuka kwamba Plato, zaidi ya miaka 2000 kabla yake, alishasema kwamba katika mji uliopangwa vizuri kila fundi afanye kazi yake moja, asijishughulishe na mengine. Plato huyo huyo ndiye aliyetaka washairi waondolewe mjini mwake. Gauny anapoinua macho anavunja amri hiyo. Mikono imekodiwa, macho hayakukodiwa.

Wengi wetu tuna mzazi aliyekuja huku akabeba maboksi, akasafisha ofisi usiku, akaogesha wazee wa watu, na ambaye ndani ya kabati ana daftari la mashairi au kanda za taarab alizorekodi mwenyewe. Sisi tuliona ni mchezo wa baba wa kupotezea muda. Rancière angekaa na lile daftari siku nzima.

Uzuri hauna mwenyewe

Kabla hatujafurahi sana, tumsikilize mtu mwingine. Walter Benjamin alikuwa Mjerumani Myahudi aliyewakimbia Wanazi akaishi Paris. Mwaka 1936 ilichapishwa insha yake kuhusu kazi ya sanaa katika enzi ya picha za mashine na sinema. Mwishoni mwake aliweka onyo. Ufashisti, alisema, unawapa watu nafasi ya kujionyesha bila kugusa nani anamiliki nini. Unaigeuza siasa kuwa maonyesho mazuri. Hakuwa akiota. Mwaka mmoja kabla, ilitoka filamu ya Leni Riefenstahl kuhusu mkutano wa Wanazi wa Nuremberg wa 1934: maelfu ya watu kwenye mistari iliyonyooka, bendera, mwanga, na kila kitu kinapendeza. Benjamin mwenyewe alifia mpakani mwa Uhispania mwaka 1940, akijaribu kuwatoroka watu hao hao.

Waliokulia Tanzania au waliowahi kuangalia sherehe za kitaifa kwenye televisheni wanaijua halaiki. Watoto mamia uwanjani, sare moja, mwili mmoja, wanaandika maneno kwa miili yao. Sisemi halaiki ni ufashisti, jamani, msinitumie ujumbe. Nami napenda kuiangalia. Ila Benjamin anatuachia swali ambalo ni zuri kwenda nalo uwanjani: wale watoto wanaonekana, sawa, lakini wanasema nini? Na maneno yale wanayoyaandika, nani aliyachagua?

Kwa hiyo kuonekana ni jambo moja, kusikika ni jingine. Shika hapo, tutarudi. Kwanza twende Unguja, maana mfano ulio safi kuliko yote wa hoja ya Rancière tunao nyumbani, na ulitokea kabla yeye hajazaliwa.

Mtumwa aliyeitwa Siti

Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja mwaka 1897. Sheria ni karatasi. Mtu aliyeamka asubuhi ile akiwa huru alikuwa bado amevaa alichovaa jana: merikani, au kaniki, kitambaa cha bei ndogo cha rangi nzito kilichomtambulisha kwa mbali. Kufunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa vya waungwana. Kilichofuata kimeelezwa vizuri na mwanahistoria Laura Fair katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001. Wanawake waliokuwa watumwa, na mabinti zao, walianza kuvaa kanga. Rangi, maua, baadaye na maneno. Hawakuandika ilani wala kupeleka ombi kwa balozi wa Kiingereza. Walipita barabarani wamependeza, na kila aliyewatazama ikabidi ahesabu upya nani ni nani.

Mpenda urembo atasema hiyo ni fasheni. Mpenda siasa atasema siasa iko wapi hapo. Mimi naona ni kitu kimoja kilichotokea mara moja.

Sasa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika familia ya asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu vya udongo kwa kutembeza, akiita wateja kwa sauti, na sauti ile ndiyo watu waliyoanza kuikumbuka. Wakati huo taarab ilikuwa na mahali pake. Iliingia kutoka Misri zama za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ikapigwa kasri, ikaimbwa kwa Kiarabu. Huo ni mgao mtupu: uzuri uko kasri, lugha yake ni ile, na muuza vyungu kazi yake ni kuuza vyungu.

Siti akahamia mjini, akafundishwa, akaimba hadi kwenye majumba ya wakubwa, na akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Tangu hapo sauti ya binti aliyepewa jina la Mtumwa ilitoka kwenye mashine, katika lugha ya watu wa mitaani, na watu wakatega masikio kimya. Jina lenyewe lilikuwa limeshageuka. Siti maana yake bibi, mwanamke wa heshima. Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake.

Ndiyo, aliimba mambo mazito. Wimbo wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke, na jinsi muuaji alivyotoroka adhabu ikawaangukia wengine. Mtu anayetaka siasa ndani ya sanaa atauchukua huo, na ana haki. Lakini nataka uone kwamba hata kama Siti asingeimba lolote ila mapenzi na wivu, bado ratiba ilikuwa imevurugika. Aliyepangiwa kuita wateja ameimba, na mji mzima umekaa chini kumsikiliza.

Korido ya London

Kisiwa hicho hicho kilimtoa Lubaina Himid, mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga wa miezi michache, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Kwa hiyo ni mwenzetu kwa namna fulani: Unguja kwenye cheti cha kuzaliwa, na utoto wote huku.

Mwaka 1985 Himid aliandaa maonyesho ya wanawake 11 wenye asili ya Afrika na Asia katika ukumbi wa ICA, London, hatua chache kutoka kasri la malkia. Yaliitwa The Thin Black Line. Nafasi waliyopewa ilikuwa ukuta wa korido. Wageni waliokuwa wakienda kwenye vyumba vyenyewe walipita hapo.

Mtu angeweza kukataa korido, na asingelaumiwa. Wao waliijaza. Miongoni mwa majina ya kwenye ukuta ule alikuwamo Sonia Boyce, ambaye mwaka 2022 alipata Simba wa Dhahabu kule Venice akiiwakilisha Uingereza, na Veronica Ryan, aliyeshinda Tuzo ya Turner mwaka huo huo. Himid mwenyewe alishaishinda mwaka 2017, mjini Hull, akiwa na miaka 63. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuipata, na ilibidi kwanza sharti la umri wa chini ya miaka 50 liondolewe, jambo lililofanyika mwaka huo huo.

Kazi yake ninayotaka uijue ni Naming the Money, ya mwaka 2004. Ni sura 100 za watu, bapa, zimekatwa na kuchorwa kwa kimo cha mtu mzima, zimesimamishwa sakafuni. Huwezi kuzitazama kwa mbali tu. Lazima upite katikati yao kama uko kwenye harusi. Ni Waafrika waliopelekwa kwenye majumba ya kifalme ya Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa. Katika picha za zamani za Ulaya watu kama hao wapo kweli, pembeni, wameshika sinia au mwavuli, wamewekwa ili tajiri wa katikati aonekane tajiri zaidi. Himid anawatoa pembeni, na kila mmoja anakuja na maelezo yake: jina lake halisi, jina alilobandikwa na wakubwa, kazi aliyoijua kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na kitu fulani alichobaki nacho ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Maelezo hayo yameandikwa mgongoni mwa sura, kwenye karatasi ya hesabu kama risiti ya dukani. Jina la kazi linaeleweka hapo.

Unamkumbuka Mtumwa na Siti? Ni hesabu ile ile ya majina mawili, miaka mingi baadaye, upande wa pili wa bahari. Na Himid hakusahau kanga. Mwaka 2018 alifanya maonyesho Gateshead kwenye jumba la BALTIC ambapo kanga zilitundikwa kama bendera.

Sanamu ndani ya maji

Mtu atasema, hayo ni ya majumba ya sanaa, mimi siendi huko. Haya, twende barabarani.

Mjini Bristol ilisimama tangu mwaka 1895 sanamu ya Edward Colston, aliyefariki 1721, tajiri aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya Royal African, ambayo biashara yake ilikuwa kusafirisha watumwa. Kwa miaka mingi wakazi walilalamika. Ilifika hatua ya kubishana maneno gani yaandikwe kwenye kibao cha kuelezea historia, na kibao chenyewe hakikuwekwa. Tarehe 7 Juni 2020 umati uliivuta kwa kamba, ukaiburuta, ukaitupa bandarini. Siku nne baadaye ikaopolewa, na mwaka uliofuata ikawekwa katika jumba la makumbusho la M Shed, imelazwa chali, na rangi ya waandamanaji bado mwilini. Watu wanne walishitakiwa kwa uharibifu. Januari 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru.

Watu wamebishana sana kama ule ulikuwa uhuni au haki. Mimi nauliza swali la Rancière. Kwa miaka 125 sanamu ile ilikuwa juu, watu chini, na wapita njia wengi hawakuiona tena. Ndivyo mgao unavyofanya kazi ukiwa mzima: hauonekani. Sanamu ile ile ikilala chali, kila mtu anaiona. Chuma hakikubadilika, kilichobadilika ni mahali inapotazamwa.

Je, tumbo limeshiba?

Hapa msikilizaji mwenye akili atanikata. Ndugu yangu, tuzo, korido, kanga, sanamu, yote mazuri. Kodi ya nyumba je? Viza je?

Ni swali la haki, na tarehe zenyewe zinalichongea makali. Himid alipewa Tuzo ya Turner Desemba 2017. Aprili 2018, miezi minne tu baadaye, kashfa ya Windrush ikalipuka: watu waliokuja nchi hii wakiwa watoto kutoka Karibi, waliosoma na kufanya kazi hapa maisha yao yote, walinyimwa kazi na matibabu, wengine wakafukuzwa, kwa kukosa karatasi. Waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu mwisho wa mwezi huo. Nchi moja, majira yale yale, ilimpigia makofi mwanamke mweusi jukwaani na ikawaambia wazee weusi kwamba haiwajui.

Rancière hakwepi. Katika kitabu chake Le Spectateur émancipé cha mwaka 2008 anasema wazi kwamba hakuna njia iliyonyooka kutoka kutazama picha, kuelewa dunia, hadi kuamua kutenda. Msanii anayedhani kazi yake ni dawa, mtazamaji akinywa tu ataamka mwanamapinduzi, anajidanganya, na tena anamdharau mtazamaji. Mtazamaji ana akili yake. Sanaa haijazi tumbo na haitoi viza. Lakini Windrush yenyewe ilikuwa nini? Wale wazee walikuwa wanaongea miaka kadhaa, kwenye dirisha la ofisi hii na ile. Walikuwa na maneno, ushahidi, barua za shule. Hawakusikika, kwa sababu mbele ya karani walishaonekana kama wahamiaji wasio na karatasi kabla hawajafungua mdomo. Hiyo njaa ya kutosikika ndiyo iliyozaa njaa ya mfukoni.

Na sisi je

Sasa turudi nyumbani, na nyumbani ni hapa, kwenye kumbi tunazokodi za jumuiya zetu.

Kuna kisa cha Roma ya kale ambacho Rancière anakirudia katika kitabu cha mwaka 1995, La Mésentente. Makabwela wa Roma waligoma, wakatoka mjini, wakaenda kukaa kilimani. Tatizo la mabwana, anasema, halikuwa kwamba hawakukubaliana na madai yao. Kwa mabwana, kilichotoka kwenye vinywa vya watu wale kilikuwa sauti tu, kama ng'ombe anavyolia akiumwa. Huwezi kujadiliana na mlio. Basi kazi ya kwanza ya makabwela ilikuwa kulazimisha ukubaliwe ukweli mmoja: haya ni maneno.

Nani asiyekijua kisa hiki kati yetu? Tulikuwa na miaka tisa, kumi, tukiwafasiria wazazi kwa daktari. Mama anaeleza maumivu yake kwa ufasaha wote, Kiswahili cha Mungu, na mtu wa upande wa pili wa meza anatuangalia sisi watoto, hamwangalii yeye. Mama amegeuka mlio. Wazazi wetu wanaujua mgao huu vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote.

Ndiyo maana inauma kuona tunaupanga upya wenyewe. Ratiba ya sherehe zetu unaijua: dua, mwenyekiti, mgeni rasmi, halafu "vijana watatuonyesha utamaduni wetu". Vijana wanatoka na kanga, wanacheza dakika 10, simu zote juu, vigelegele. Kisha pilau. Miezi miwili baadaye ni mkutano mkuu. Ajenda ni mfuko wa misiba, kodi ya ukumbi, nani asafirishwe akazikwe kwao. Kijana ananyoosha mkono. "Wewe ngoja kwanza, wakubwa wamalize." Akipewa nafasi na kusema, anachanganya ngeli, na nusu ya ukumbi inacheka. Hoja yake ilikuwa ya maana: michango ya mfuko inakatwaje kwa watu wasio na ajira ya kudumu. Hakuna aliyeisikia. Walisikia lafudhi.

Nawaheshimu wazee wetu, na wengi wao wamebeba jumuiya hizi migongoni. Adabu ya kusubiri zamu ni adabu yetu na siitaki ife. Lakini kijana anayeonekana miaka 15 jukwaani bila kusikika hata siku moja kwenye meza, akifika 30 haji tena. Sherehe inabaki, wachezaji wanaisha.

Ukiniuliza sanaa inaingia wapi hapo, nitakujibu kwamba ngoma ile haina ubaya wowote. Ubaya ni kwamba imegeuzwa ukuta wa korido, na sisi tumekubali kuwa korido ndiyo chumba. Himid na wenzake waliijaza korido yao mpaka wenye vyumba wakalazimika kutoka nje kuwatazama. Siti hakungoja Kiarabu chake kiwe cha kasri ndipo aimbe kitu chake. Basi kijana akipewa dakika zake 10, acheze, halafu ashike maiki aseme alichonacho kwa Kiswahili alichonacho. Na kwenye mkutano mkuu mwenyekiti aweke sheria moja tu: hoja ijibiwe kwanza, ngeli zitasahihishwa wakati wa chai.

Kwenye kipindi kijacho tunataka kufanya hivyo kwa vitendo. Tutumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Useme jambo moja ambalo ungelisema kwenye mkutano wa jumuiya yenu kama ungepewa nafasi, au uhojiane na mzazi kuhusu lile daftari la kabatini. Kiswahili cha Unguja, cha Nairobi, cha Bukavu, cha Leicester, chochote kile. Tutazicheza kama zilivyokuja, bila kurekebisha.